Mwaka mmoja na maji ya bomba ya kijiji chetu Kondoa: nyota nne, na ile ya tano naeleza kwanini siitoi bado

Watu wanaandika maoni kuhusu simu, kuhusu gesti, kuhusu basi walilopanda, na mi huwa nasoma kabla sijatoa hela yangu na yananisaidia kweli. Leo naandika kuhusu huduma ambayo sijaona mtu akiiandikia, maji ya bomba ya kijijini, haya yanayoendeshwa na jumuiya ya watumia maji wenyewe, ambayo sisi tumeyatumia mwaka mzima sasa tangu Septemba 2024. Tuko wilaya ya Kondoa, mkoa wa Dodoma, ukitoka lami unaingia ndani kama nusu saa kwa bodaboda. Jina la kijiji naliacha maana ni kidogo, kila mtu anamjua kila mtu, na kuna mambo ntayasema hapa sio mazuri, yalishasemwa mkutanoni yakaisha, sitaki mtu aanze kunyooshewa kidole upya.

Mi ni mama wa watoto wanne, nauza maandazi na chai asubuhi na siku za mnada, kwahiyo maji kwangu ni ya nyumbani na ni ya biashara pia. Nayapima kwa dumu na kwa shilingi, kila siku.

Kwanza mjue tulikotoka. Nilivoolewa hapa maji yalikuwa korongoni. Anayeijua Kondoa anajua makorongo yetu, ni mapana na yamejaa mchanga mweupe uliotoka milimani, maana milima hii ililiwa na mmomonyoko miaka mingi mpaka serikali ikaleta HADO mwaka 1973, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa eneo lililoharibika ili majani yarudi. Mama mkwe wangu anaikumbuka ile siku ng'ombe wanaswagwa kutoka, anasema wanaume wazima walilia. Majani yalirudi kweli, ila mchanga ulishashuka na kujaa kwenye makorongo, na huo mchanga ndo umetunza maji, kiangazi juu pakavu kabisa lakini ukichimba unayakuta. Sasa Desemba mvua ikianza unachimba kwa mkono tu. Ikifika Agosti unachimba kwa sahani, halafu unachimba kwa jembe, halafu unaingia mwenyewe ndani ya shimo mpaka kifuani na mwenzio amekaa juu anapokea kopo, unasubiri maji yajikusanye chini, unateka kopo, unasubiri tena. Dumu moja la lita 20 linaweza kukuchukua robo saa au zaidi, na mbele yako kuna watu kumi na wawili. Tulikuwa tunatoka saa tisa usiku kwa tochi ya simu. Ngata kichwani, mtoto mgongoni, dumu mkononi. Oktoba wenye punda walikuwa wanatuuzia dumu mpaka shilingi 500 na unanunua tu, utafanyaje.

Kwahiyo nikisema nyota nne mjue zinatoka kwa mtu aliyewahi kuingia kwenye shimo la mchanga na mimba ya miezi saba.

Huduma yenyewe ikoje. Kuna kisima kirefu kilichochimbwa na mashine, kuna paneli za sola zimefungwa ndani ya uzio, pampu iko huko chini kisimani, jua likitoka pampu inavuta maji inapeleka kwenye tangi lililojengwa juu ya kilima, halafu kutoka pale maji yanashuka yenyewe kwa mteremko mpaka kwenye magati, yaani vituo vya kuchotea. Magati yako matano, kila gati lina koki mbili na sakafu ya saruji na mfereji wa kutoa maji yanayomwagika. Mradi ulijengwa kupitia RUWASA, ule wakala wa maji vijijini ulioanza Julai 2019, na sisi wananchi tulichimba mitaro ya bomba na kusomba mawe na mchanga. Ukishakamilika unakabidhiwa chombo cha jumuiya, ambacho kwetu watu wanakiita tu kamati ya maji, hao ndo wanauza maji, wanalipa mlinzi, wanalipa wauzaji wa magati, wanatengeneza koki zikiharibika. Dumu ni shilingi 50. Mwenye kitabu cha mwezi analipa mwisho wa mwezi kwa idadi aliyochota.

Nyumbani kwangu tunatumia madumu sita kwa siku, yaani 300, kwa mwezi 9,000, na siku za mnada naongeza manne ya biashara. Kuna watu hiyo elfu tisa inawauma na siwalaumu, kuna miezi hapa kijijini hela haipo kabisa mpaka alizeti iuzwe. Ila mi nikikumbuka Oktoba ya punda, madumu matatu tu kwa siku ilikuwa 1,500, na hapo watoto wanaoga Jumamosi kwa Jumamosi.

Haya, ladha. Ntakuwa mkweli, maji yana chumvi. Sio ya kushindwa kunywa, yalipimwa na tukaambiwa yako salama, lakini mgeni akija akinywa anakuangalia. Sabuni haitoi povu haraka, unafua shuka moja unamaliza nusu mche. Sufuria yangu ya chai ndani imefanya magaga meupe magumu kama chokaa, kila wiki nayakwangua kwa kijiko. Maandazi nimejifunza nisiweke chumvi kabisa, ukiweka hata kidogo wateja wanasema. Chai ndo shida kubwa, rangi inakuwa nzito na ile harufu ya majani haiji vizuri, kwahiyo msimu wa mvua nakinga maji ya bati kwenye pipa, nayafunika, nayachemsha, hayo ndo ya chai ya biashara. Kama unahamia kijiji chenye kisima kirefu huku kwetu, nunua pipa la kukingia mvua kabla hujanunua kitanda, nakwambia kweli.

Sasa nije kwenye mambo yaliyobadilika ambayo huwezi kuyaona kwenye bei ya dumu.

Zahanati. Mwanangu wa tatu nilimzaa pale zahanati yetu kabla ya maji, na utaratibu ulikuwa mjamzito anakuja na maji yake. Uchungu umenianza saa nne usiku, mume wangu akafunga madumu mawili kwenye baiskeli, mi natembea nimemshika mama mkwe, tunasimama, tunatembea, tunasimama. Dumu moja lilivuja njiani. Nesi alinawa kwa maji ya kopo na mi nilifutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa, nikarudi nyumbani na damu imekaukia miguuni. Wa nne nimemzaa mwaka huu mwezi wa tano. Kuna sinki kwenye chumba cha kujifungulia sasa, bomba limeingizwa ndani, na kitu cha kwanza nilichosikia nilipolala pale ni maji yanatoka koki na nesi ananawa mpaka kwenye viwiko, ananawa taratibu, hana haraka. Nilioga kabla sijatoka. Nilioga maji ya moto mama mkwe aliyoyachemsha pale pale nje. Hiyo peke yake kwangu ni nyota mbili, na kama kuna mama anasoma hapa ambaye alijifungua kwa maji ya kubeba ataelewa naongea nini.

Shule nayo. Watoto wetu walikuwa wanakwenda na kidumu, kile cha mafuta cha lita 5, kamba imefungwa kwenye mkono wake, kila asubuhi, ya kumwagilia miti na ya uji na ya kusafisha choo. Asiye na kidumu anarudishwa. Binti yangu wa darasa la tano alikuwa anaamka na mimi saa tisa ile ile, anarudi korongoni, ananawa miguu, anakimbia shule na kidumu, anasinzia darasani. Saivi vidumu vile vimegeuka vya kupandia mbogamboga, vimekatwa katikati, vimepangwa kwenye ukuta wa jiko langu vina mchicha na vitunguu vya majani. Binti anaamka saa kumi na mbili kasoro. Mwalimu wake ameniambia mwenyewe kuwa siku hizi anauliza maswali.

Vingine napita haraka. Watu wanafyatua matofali kipindi chochote sasa sio kusubiri mvua, kwahiyo kuna nyumba kama tatu zimepandishwa kwenye kitongoji chetu tu. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimeanza kukopesha watu mbegu za nyanya na chainizi, maana maji yanayomwagika kwenye gati yanapita kwenye ule mfereji mpaka kwenye bustani ya kinamama, hayapotei. Mnada umeongezeka watu kwa sababu mama lishe wanaweza kupika siku nzima bila kuishiwa. Mifugo ilileta ugomvi mwanzoni, wachungaji walikuwa wanaleta ng'ombe kwenye gati na ng'ombe wanakanyaga saruji na kunywa kwenye madumu ya watu, mpaka tukajenga birika la kunyweshea mbali kidogo kwa nguvu za wananchi, wenye mifugo wakatoa saruji na sisi wengine tukatoa mikono. Ugomvi umeisha.

Ila sasa kitu ambacho nataka kukisema zaidi ya vyote, kwa sababu naona watu wa vijiji vingine wanapewa mradi kama wetu halafu baada ya mwaka koki zimekauka, ni kile kinachofanyika siku ya mkutano. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na sisi tulikubaliana toka mwanzo kuwa kila mkutano kamati ya maji inasoma mapato na matumizi, mstari kwa mstari, kwa sauti, chini ya mti, mbele ya kila mtu. Sio jumla. Mstari kwa mstari.

Mhazini wetu ni dada mmoja mdogo tu, mdogo kwangu mimi, kamaliza kidato cha nne. Anasimama na daftari kubwa lenye jalada gumu na bahasha ya risiti. Mkutano wa kwanza, kabla hata hajafungua daftari, mzee mmoja akasimama akasema yeye hakubaliani na habari ya kulipia maji, enzi zake maji ya kijiji yalikuwa bure, na alikuwa anasema kweli, maana toka miaka ya sabini serikali ilikuwa na mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji karibu na kila mwananchi kijijini, na yalikuwa hayalipiwi, mambo ya kuchangia gharama yalikuja na sera ya mwaka 1991. Kijiji chetu kilikuwa na mashine ya dizeli wakati ule, banda lake bado lipo, popo wanalala ndani. Dada akamsikiliza mpaka mwisho akasema, "Shikamoo baba." Mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu." Dada akauliza, "Baba, ile mashine ya dizeli ilikufa na nini?" Watu wakanyamaza. Mzee akafikiria, akasema, "Mkanda. Ulikatika mkanda." "Ukanunuliwa mwingine?" Mzee akasema, "Haukununuliwa. Hakukuwa na fungu." Akakaa chini. Hakuna aliyecheka, na dada hakuongeza neno, akafungua daftari akaanza kusoma.

Alisoma kila kitu. Mshahara wa mlinzi, koki mbili, gundi ya bomba, bodaboda kwenda benki 15,000. Yule yule mzee akanyoosha mkono, "Mwanangu, elfu kumi na tano ya bodaboda mbona kubwa, benki mimi naenda kwa elfu kumi na mbili." Dada akasema siku ile mvua ilinyesha njia ikakatika wakazunguka, na risiti ya benki ya siku ile akaitoa ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa mzee, mzee akaigeuza akaiangalia tarehe, akasema, "Haya, ilinyesha kweli siku hiyo." Nilikuwa nimekaa nyuma nimempakata mtoto wa jirani na nilisikia kitu kimenishika kooni. Elfu tatu tu ya bodaboda, lakini mtu mzima aliyekuwa anapinga kulipa ameshakuwa mlinzi wa ile pesa, na mpaka leo hajawahi kukosa mkutano wala kukosa kulipa.

Sasa matatizo, na nayasema yote.

La kwanza ni radi. Mwezi wa pili mwaka huu radi ilipiga ikaunguza ile inveta ya pampu, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa sola uweze kuendesha pampu. Maji yakakatika siku kumi na moja. Fundi aliyekuja mara ya kwanza, simtaji na sitasema anatoka wapi, alipewa malipo ya awali akasema anakwenda kuchukua kifaa mjini, akazima simu. Siku nne tumekaa tunamsubiri mtu ambaye harudi. Na hizo siku nne watu walirudi korongoni, na msimu wa mvua korongo lina maji ya juu, machafu, mifugo imepita, kila kitu kimesombwa humo. Kitongoji chetu watoto watano waliharisha, mmoja wao wa kwangu huyu wa tatu, nilimpa ORS na zinki za zahanati na nikalala naye mkono tumboni kwake usiku mbili. Nimemsamehe fundi lakini sijasahau.

Kilichotuokoa ni kwamba pesa ilikuwepo. Kamati ilikuwa imeweka sehemu ya kila mwezi benki kwa ajili ya matengenezo, wakatafuta fundi mwingine, wakanunua inveta na kifaa cha kuikinga na radi ambacho mwanzo hatukuwa nacho, na siku ya kumi na moja jioni maji yakarudi. Kama ingekuwa ile zamani tungekaa tunaandika barua mpaka kiangazi. Ila lawama moja naitoa kwa kamati, na niliitoa mkutanoni pia: siku zile za kwanza hakuna aliyetangaza chochote. Watu wanakwenda gatini asubuhi wanakuta kufuli, wanarudi, wanakwenda jioni, kufuli. Kungekuwa na tangazo msikitini na kanisani kwamba jamani pampu imeungua, chemsheni maji, pengine wale watoto wasingeugua. Wamekubali kosa na sasa hivi hata wakisafisha tangi kwa saa tatu tunatangaziwa jana yake.

La pili ni wauzaji wa magati. Gati letu lilikuwa na kijana aliyekuwa anafungua anapojisikia, saa moja leo, saa tatu kesho, na kwenye kitabu changu cha mwezi alikuwa ananiandikia madumu ambayo sijachota. Niligundua kwa sababu na mimi nilikuwa na daftari langu, nachora kijistari kwa kila dumu, mistari mitano nafunga. Mwisho wa mwezi yeye ana 231, mimi nina 194. Nilimwita pembeni kwanza, nikamwambia mdogo wangu tuhesabu pamoja, akakasirika. Nikapeleka madaftari yote mawili kwa kamati, na wamama wengine watatu nao wakaja na ya kwao. Alibadilishwa, na pesa yetu ikakatwa kwenye mwezi uliofuata. Sasa anayeuza ni mjane mmoja, saa kumi na mbili asubuhi gati liko wazi, na ukimaliza kuchota anakuonyesha kwanza anachoandika ndo anafunga kitabu. Ushauri kwa yeyote mwenye kitabu cha mwezi: chora mistari yako.

La tatu, jioni. Pampu inategemea jua, kwahiyo siku ya mawingu tangi halijai, na saa kumi na moja jioni kila mtu anataka maji, foleni inakuwa ndefu na presha inashuka mpaka koki inatoa uzi. Sio kosa la mtu, ila inachosha. Nimehamia kuchota saa sita mchana jua linapowaka, gati liko tupu, dumu linajaa kabla sijamaliza kufunga kanga vizuri.

Ndani ya huo mwaka wetu kulikuwa na hofu nyingine. Novemba 27, 2024 tulifanya uchaguzi wa serikali za mitaa kama Tanzania Bara nzima, na baada ya uchaguzi kukawa na maneno kuwa uongozi mpya wa kijiji unaingia basi na kamati ya maji ivunjwe iwekwe mpya. Dada mhazini na wenzie walikuja na katiba ya chombo mkutanoni wakaeleza kuwa kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 2019, ile ya huduma za maji, jumuiya ya maji imesajiliwa peke yake, ina akaunti yake, na viongozi wake wanachaguliwa na watumia maji kwa muda wao, hawafuati uchaguzi wa mwenyekiti. Mwenyekiti mpya naye akasema yeye hataki pesa ya maji iingie ofisini kwake hata kwa siku moja. Tukapiga makofi, likaisha dakika kumi. Nimeliweka hapa kwa sababu najua sehemu nyingine hapo ndipo mradi unapofia.

Sasa ile nyota ya tano.

Kijiji chetu kina kitongoji cha juu, kule kwenye mteremko wa mlima, na hakina gati. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilisema mwananchi asitembee zaidi ya mita 400 kufika kwenye maji na gati moja lihudumie watu 250. Sisi wa chini tumepata hiyo, mimi kwangu mpaka gatini ni hatua mia mbili na kitu. Wao wanatembea kwenda kilomita na nusu, na kurudi ni kupanda mlima na dumu kichwani. Kuna bibi mmoja wa kule, mjukuu wake anasoma na binti yangu, anashuka na kidumu cha lita 10 kwa sababu 20 hawezi tena, anachota, anakaa kwenye jiwe lile pale kona, anapumzika, anapanda. Mara mbili kwa siku. Siku za mnada nampa chai. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, na sisi tulichimba mitaro," na kweli walichimba, nilikuwa pale, alileta uji kwa wachimbaji. Hakuisema kwa ugomvi. Sikuwa na la kumjibu.

Sababu iko wazi, tangi liko chini ya usawa wao, maji hayawezi kupanda yenyewe, linahitajika tangi dogo la pili juu zaidi na bomba la kulipandishia. Mkutano wa Juni wao ndo walikuwa agenda ya kwanza, na kila mtu akaona kwenye daftari mfuko una kiasi gani na kiasi gani hakiguswi kwa sababu ya inveta na koki. Palikuwa na mabishano, wengine wakisema tusubiri, wengine wakisema bei ya dumu ipande. Mimi nilisimama, na sio kawaida yangu kusimama, nikasema nitalipa 60 kama ni ya tangi la juu. Wengi hawakutaka bei ipande na nawaelewa. Ikakubaliwa kuwa mabomba na tangi vitaombewa na kununuliwa kidogo kidogo, lakini mtaro tuuchimbe sasa wakati ardhi imepoa baada ya mavuno na watu wana nafasi, na kijiji kizima kichimbe, sio kitongoji cha juu peke yao.

Kwahiyo kwa anayeuliza kama ashauri kijiji chake wakubali mradi wa namna hii, nasema wakubali, walipe, wakatae kusomewa jumla. Na mi nyota yangu ya tano nimeitunza, siku koki ya juu ikifunguliwa ntarudi hapa kuiandika.

Mtaro umeanza wiki iliyopita Jumanne. Kila kaya imepimiwa mita kumi, imewekewa kijiti mwanzo na kijiti mwisho. Sisi tumechimba saba, tatu zilizobaki zimeangukia kwenye mwamba, jembe linaruka tu. Mume wangu ameazima mtaimbo kwa yule mzee wa mkanda, kesho asubuhi tunapanda nao.